Asar Thelathini na Mbili

Mtu akichora picha ya nyumba ili wenye nyumba washauriane pa kuweka mlango, nao wakaipenda picha ile hata wakahamia ndani pamoja na wagonjwa wao, alaumiwe nani: aliyechora, aliyehamia, au yule aliyejua fika kuwa ni picha tu, akakaa kimya? Swali hilo lilimkaa Rasmila Maharjan kooni mwezi mzima wa Asar, na msimulizi huyu hana jibu la kumpa.

Jumapili ya tarehe kumi na tano, siku ambayo mji mzima wa Patan hula mtindi na mchele uliopondwa kwa heshima ya wapanda mpunga, mama mkwe wake Chameli alipakua bakuli nne. Tatu zilifurika. Ya nne, ya mzee Asta, ilikuwa na vijiko vitatu tu, kwa kuwa figo zake zilikuwa zimekufa na maji yote aliyokunywa yalibaki mwilini mpaka siku ya mashine.

"Vijiko vitatu!" Asta alilalamika. "Nimelima mpunga miaka arobaini, leo nakula kama shomoro."

"Shomoro hasafishwi damu kila Jumatano na Jumapili," Chameli alimjibu. "Kula ulichopewa, mzee, usitie watu huzuni."

Rasmila alicheka, lakini mikono yake haikuacha kazi. Alikuwa ameketi sakafuni, mbele yake kadi ishirini na mbili zilizochorwa kwa penseli, na kila kadi ilikuwa ukurasa mmoja wa tovuti ambayo haijazaliwa. Tovuti yenyewe ilikuwa ya kupangia zamu katika kituo kile kile alikosafishiwa damu baba mkwe wake. Kwa wiki mbili alikuwa akikaa na wagonjwa pale barazani, akiwawekea kadi mapajani na kuwaambia, "Bonyeza unapotaka." Mgonjwa alibonyeza karatasi kwa kidole, naye akaondoa kadi moja na kuweka nyingine, kana kwamba ni simu. Kila walipokwama alifuta na kuchora upya. Kosa lililo kwenye karatasi, aliamini, huondoka kwa kifutio cha rupia kumi.

Mumewe Subin aliteremka ngazi akiwa amekumbatia kompyuta yake kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Bado unakata karatasi?" aliuliza. "Mimi nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Vyote. Usajili, zamu, ujumbe wa simu, hata rangi. Juzi nilimweleza fundi wangu, leo kazi iko tayari."

Fundi huyo hakuwa mtu. Subin aliita hivyo ile akili mnemba aliyokuwa akiielezea anachotaka, nayo ikamwandikia msimbo ukurasa baada ya ukurasa, bila kuomba chai wala ruhusa.

"Huyo fundi wako amewahi kukaa na mgonjwa hata mmoja?"

"Fundi wangu hana haja ya kukaa na mtu. Ana haja ya kuelezwa."

"Na wewe ulimweleza nini, ikiwa hukuziangalia kadi?"

Subin aliweka kompyuta juu ya pipa la mchele. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mvivu. "Sikiliza, Rasmila. Kuna kampuni ya ng'ambo ya mto inakwenda kwa daktari wa kituo saa nane, baada yetu. Wao watakuwa na kitu kinachotembea. Sisi tukienda na penseli, tutarudi na penseli. Halafu kuna jambo jingine. Mwezi wa Falgun Baba alirudishwa getini amevimba miguu, kwa sababu jina lake lilifutwa daftarini akaandikwa shemeji wa mkubwa fulani. Umesahau? Kila wiki unayochora, katika daftari lile anafutwa mtu mwingine."

Neno hilo lilimchoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Asta mwenyewe aliacha kutafuna.

"Basi tuonyeshe cha kwako," Rasmila alisema hatimaye. "Lakini tuseme wazi kuwa ni kielelezo. Wiki tatu za kukijaribu na wagonjwa, ndipo kifunguliwe."

"Tutasema."

"Utasema wewe au mimi?"

"Mungu wangu, mwanamke huyu! Tutasema."

*

Daktari Pokharel, mkurugenzi wa kituo, aliwapokea akiwa ameketi na wafanyakazi wake, na muda wote alimtazama Subin peke yake. Ukurasa ulifunguka ukutani kwa weupe wa maziwa. Majina ya kubuni yalijipanga katika siku za mwezi wa Baisakh. Subin alibonyeza, zamu ikahama. Alibonyeza tena, simu ya muuguzi mkuu, Sista Phulmaya Tamang, ikalia mezani na ujumbe ukaingia. Daktari alipiga goti lake kwa kiganja.

"Hii ndiyo kazi! Wengine wananiambia miezi sita." Kisha, kwa adabu, akamgeukia Rasmila. "Na dada huyu anashughulikia mambo ya rangi?"

"Nashughulikia wagonjwa, Daktari," Rasmila alisema, akaanza kufungua mkoba. "Nimekuwa nao barazani, na kuna mambo wameyaona ambayo—"

Mfuko wa kadi uliteleza. Kadi zilimwagika chini, na moja ikasimama kwenye kiatu cha daktari, ikionyesha kichwa cha mtu alichokichora ili mgonjwa ajue pa kubonyeza jina lake.

"Mmeniletea na kazi za chekechea?" daktari aliuliza, chumba kizima kikacheka. Subin naye alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mwingine. Ni Sista Phulmaya pekee ambaye hakucheka. Aliinama akaziokota kadi pamoja na Rasmila, kwa kuwa alikuwa ameona jinsi wagonjwa walivyozigombea.

"Inaanza keshokutwa," daktari alitangaza. "Na amri ni moja: asiye na jina kwenye skrini haingii. Si shemeji wa diwani, si mjomba wangu mimi. Daftari naliweka kabatini. Mwisho wa kujuana!"

Rasmila aliinua kichwa kutoka sakafuni. "Daktari, hiki bado ni—"

Alihisi kiatu cha Subin juu ya kidole chake. Hakikukanyaga, kiligusa tu, kama mtu anavyogusa mlango asioutaka ufunguke.

"Inawezekana, Daktari," Subin alisema. "Keshokutwa inawezekana."

Watu wakapiga makofi. Rasmila pia alipiga, na hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye kuliko kiatu, maana hakupiga kwa woga. Amri ile ya getini aliitamani tangu Falgun, na alipoisikia ikitamkwa, kadi zilimtoka akilini. Alizirudisha mkobani, akafunga zipu.

*

Kwa wiki mbili tovuti ilifanya kazi vizuri hata Rasmila akaionea haya shaka yake. Hakuna aliyeporwa zamu. Mzee Asta, ambaye zamani simu aliiweka chini ya mto kama akiba, sasa aliitembeza mtaani akiwaonyesha wazee wenzake ujumbe. "Huu umeandikwa nyumbani kwangu," aliwaambia. "Mwanangu na mkwe wangu. Serikali yenyewe haina."

Rasmila alijaribu mara tatu kuzungumzia zile wiki tatu za majaribio. Mara ya kwanza Subin alisema baada ya malipo ya kwanza. Mara ya pili alisema, "Unatafuta kosa lililokosekana." Mara ya tatu alimwonyesha tu baba yake, aliyekuwa akicheka na simu mkononi, na Rasmila akashindwa kuendelea.

Asubuhi ya Jumatano mvua ilikuwa imeuandama mji tangu alfajiri. Chameli aliweka viatu vya mumewe mlangoni, kama kila Jumatano, akakuta mzee bado amejikunyata kitandani.

"Mbona hujavaa?"

"Leo siendi. Ujumbe umesema Jumapili, tarehe nne ya Shrawan."

"Jumapili? Na leo je?"

"Leo labda kuna watu wengi. Sasa wewe mwanamke utabishana na kazi ya mwanao?" Alisema hivyo akapumzika katikati ya maneno, kama mtu apandaye ngazi.

Rasmila, aliyekuwa akimenya tangawizi, aliacha kisu. Alimtazama miguu. Ngozi ya vifundo ilikuwa imejaa na kung'aa. Alinyoosha mkono, akabonyeza kwa kidole. Shimo likabaki pale pale, halikurudi.

"Baba, ujumbe huu ulikuja lini?"

"Jumapili nilipotoka kwenye mashine. Nilifurahi, nikasema watoto wamenipa likizo." Alijaribu kucheka. "Siku tatu si kitu, mwanangu. Zikiwa saba ndipo mtu huanza kuhesabu."

"Ni saba, Baba. Kutoka Jumapili hadi Jumapili."

Hapo ndipo simu yake ilipolia. Alikuwa Sista Phulmaya, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na watu wengi wanaosema kwa pamoja.

"Dada, skrini ni tupu. Si jina moja, ni siku nzima. Mashine sita zimewashwa, vitanda vimetandikwa, na mlinzi amewafungia wagonjwa nje kwa sababu majina yao hayapo. Daktari hapatikani kwa simu. Leo ni sikukuu gani huko kwenu?"

Rasmila aligeuka kuitazama kalenda ukutani, ile waliyopewa na duka la mafuta ya haradali mwaka mpya ulipoingia. Miezi yao haikuwa na adabu ya miezi ya watu wengine. Mwaka mmoja mwezi huwa na siku thelathini na moja, mwaka mwingine thelathini na mbili, kwa kadiri wanajimu walivyouhesabu mwendo wa jua, na hakuna ajuaye mpaka kalenda ichapishwe. Kisanduku cha leo kilikuwa cha mwisho katika mwezi, kimebanwa pembeni, na ndani yake palichapishwa 32.

Alifungua tovuti kwa kidole kilichokuwa na maji ya tangawizi. Asar ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na moja. Kisha Shrawan moja.

"Subin!" aliita kuelekea juu. "Umewapa Asar siku ngapi?"

Miguu ikashuka ngazi kwa kasi.

"Fundi ndiye aliyeweka jedwali," Subin alisema, uso umempauka. "Mimi nilihakikisha miezi ya Baisakh na Jestha. Zilikuwa sawa. Jedwali zima lilikuwa limepangwa vizuri, Rasmila, limenyooka, ungeliona ungeliamini. Kila zamu ya leo imeiona kama tarehe isiyokuwapo, ikairuka, ikawapa watu zamu ya mbele."

"Mvalishe Baba viatu," Rasmila alimwambia.

*

Getini wagonjwa walikuwa wamesimama chini ya miavuli na mifuko ya plastiki. Hawa walikuwa wale walioishi kwa kalenda ya ukutani, waliokuja kwa sababu ni Jumatano, wasijali simu inasema nini. Mlinzi alikuwa amenyoosha fimbo yake kwenye komeo.

"Jina halipo, zamu haipo," alikuwa akirudia. "Msinilaumu mimi. Mlipiga makofi wenyewe amri ilipokuja."

"Wewe kijana," mwanamume mmoja alimwambia, "mimi nina siku tatu sijakojoa, na wewe unaniambia habari za makofi?"

"Mzee, nikikufungulia nafukuzwa kazi."

"Na usiponifungulia nitafia miguuni pako, halafu utafukuzwa na harufu."

Baadhi walicheka, kicheko kikavu. Kisha mmoja wao akamtambua Rasmila. "Huyu hapa ndiye yule dada wa kadi! Dada, kwenye kadi zako mbona siku yetu ilikuwapo?"

Rasmila alisimama. Alikuwa na ule mkoba begani, kwa mazoea tu. Hakuwa ametoa kitu ndani yake tangu siku ya makofi. Alifungua zipu, akazipekua kadi hadi ya saba. Ili wagonjwa wasichanganyikiwe, hakuuchora mwezi kwa mkono. Alikata ukurasa wa nakala ya pili ya kalenda ya mafuta ya haradali akaubandika kwa gundi. Kisanduku cha mwisho kilikuwa na doa la manjano, alama ya kidole chenye bizari. Alikikumbuka kidole hicho. Kilikuwa cha Sukmaya, mama mmoja kutoka milima ya Sindhupalchok, aliyebonyeza pale akasema, "Hii ndiyo Jumatano yangu ya mwisho kabla ya Shrawan." Yeye Rasmila alikuwa ameandika pembeni kwa penseli: *Asar 32, usisahau.*

Karatasi ilikuwa imelikamata kosa kabla halijazaliwa. Nayo ilikuwa imefungiwa zipu.

Sista Phulmaya alitokea kwa ndani, daftari la zamani kwapani. Alikuwa amevunja kufuli ya kabati kwa mkasi wa bandeji. "Fungua geti," alimwambia mlinzi. "Wakikufukuza, nitafukuzwa nawe, tutauza momo za nyama mtaani pamoja." Mlinzi alifungua. Phulmaya aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, kutoka katika maandishi ya mkono wake mwenyewe. Waliokuja walikuwa kumi na mmoja. Walioutii ujumbe walikuwa saba. Mzee Asta ndiye aliyeletwa kwanza, akalazwa kwenye mashine ya tatu huku Subin akimshikilia kama mtoto. Watano walipatikana kwa simu, wakaja kabla ya magharibi.

Wa saba alikuwa Sukmaya. Simu yake iliita hadi ikakata. Jirani yake mjini, aliyeachiwa simu, ndiye aliyepokea mara ya nne. "Amekwenda kwao kijijini kusaidia kupanda mpunga," alisema. "Alifurahi sana, alisema hajapata wiki nzima ya uhuru tangu augue. Lakini barabara ya huko imefunikwa na maporomoko tangu jana. Kwani kuna nini?"

*

Walimvusha Sukmaya juu ya maporomoko akiwa mgongoni mwa mpwa wake, wakamfikisha Ijumaa asubuhi, tarehe mbili ya Shrawan. Alikuwa hai. Alilala karibu na dirisha akiwa na mpira wa oksijeni puani, hawezi kusema, macho yake yakimfuata kila apitaye kama mtu anayetafuta wa kumuuliza. Rasmila alikaa kando yake kwa muda, akakishika kile kidole, kisha akaenda ofisini kwa daktari.

Daktari Pokharel alikuwa amewaagizia chai. Subin alikuwepo tayari, kompyuta imefunguliwa kando ya mkataba wa kazi, macho mekundu. Sista Phulmaya alisimama mlangoni, hakukaribishwa kiti.

"Basi, limekwisha," daktari alisema. "Bwana Subin ameniambia ilikuwa tarakimu moja. Moja tu! Ameirekebisha."

"Kwa dakika tano," Subin alisema chini chini. "Nilimwambia fundi, akaomba radhi, akarekebisha mwaka mzima."

"Alimwomba nani radhi?" Rasmila aliuliza.

"Tusikuze mambo," daktari aliendelea. "Daftari liliua wangapi, mbona hatukuliitia mkutano? Tovuti inaendelea. Tena nina vituo vingine vitatu vinavyoitaka, nimewaambia itakuwa tayari kabla ya sikukuu ya Dashain. Kazi ya mwaka mzima kwenu. Wewe dada nyumbani mna mgonjwa, unajua dawa zinavyogharimu."

Alijua. Alijua hata bei ya sindano moja. Alimtazama mumewe, akaona kuwa naye anamtazama, na safari hii kiatu chake kilikuwa mbali, chini ya kiti chake mwenyewe.

"Nimeangalia usiku mzima," Subin alisema ghafla, akimwambia yeye, si daktari. "Tarehe iko sawa sasa. Lakini sijui kuna kingine gani. Hilo ndilo sikuweza kumwambia Baba aliponiuliza kama aamini ujumbe unaofuata. Sijui kuna kingine gani, Rasmila, kwa sababu si mimi niliyeandika."

Aliisukuma kompyuta juu ya meza hadi ikamfikia. Rasmila aliitoa kadi ya saba mkobani, akaiweka juu ya mkataba, doa la bizari likiangalia juu.

"Daktari, siku ile ya kumi na tano nilijua kuwa hiki ni kielelezo, nikanyamaza, nikapiga makofi. Hilo ni langu, nitamwambia Sukmaya atakapoweza kusikia. Sasa nasema lile ambalo sikusema. Tovuti naifunga leo, sasa hivi. Daftari linarudi, litaandikwa na Sista Phulmaya, na kila asubuhi nakala yake itabandikwa ukutani getini, ili akifutwa mtu wote waone. Amri yako ya kuzuia kujuana ibaki. Kwa wiki tatu nitakaa barazani na kadi, na Subin atakaa nami. Kitakachopita mikononi mwa wagonjwa, hicho ndicho fundi wake ataandika, aandike haraka apendavyo. Kisha nitarudi nacho kwa wagonjwa wale wale, na hakifunguliwi mpaka wao waseme. Vituo vile vitatu waambie haitakuwa tayari kabla ya Dashain. Ukitaka kuwapa kampuni nyingine, wape, hatutakudai. Lakini kazi yenye jina letu haitampangia mtu siku ya kupona kabla mtu huyo hajaigusa kwa kidole chake."

Alibonyeza kwenye kompyuta. Ukutani, ile skrini nyeupe kama maziwa ikazimika, na Sista Phulmaya akatoka mlangoni kwenda kulichukua daftari.